Chetezo Ndani ya Gari la Bwana Harusi

Mombasa, Jumanne

Kwako Bi Sheikha, tunayekusoma kila Ijumaa,

Salamu nyingi na heshima zako. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unihukumu, maana tangu Jumapili ya wiki iliyopita mwili wangu haujatulia, nikishika kikombe cha kahawa chagonga kisahani, na jambo lenyewe sijamwambia kiumbe, wewe ndiye wa kwanza, na hata hapa naandika mlango nimeutia komeo mchana kweupe.

Mimi ni mjane, mzaliwa wa Mji wa Kale, nakaribia miaka arubaini, na kazi yangu ni kupika udi na kufukiza harusini. Sijisifu, lakini tangu vita viishe sikumbuki harusi ya watu wa mitaa yetu ambayo sikuitwa, nguo za bibi harusi nazifukiza mimi, nywele nazifukiza mimi, chumba nakifukiza mimi, na wanawake wakipita kichochoroni wakanusa hujua bila kuuliza kwamba mkono wangu umepita hapo. Mama yetu alipofariki aliniachia mdogo wangu Jamaldin akiwa na miaka saba, nikamlea mpaka akawa karani bandarini, na kwa kuwa Mungu hakunijaalia mtoto, huyo ndugu ndiye mwanangu.

Sasa huyu Jamaldin, Bi Sheikha, Mungu alimjaribu kwa gari. Alilinunua kwa afisa mmoja wa manowari aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, gari la mashindano la watu wawili tu, refu mbele, fupi nyuma, jekundu, paa lake turubai la kukunja, na liko chini mno hata ukikaa ndani waona miguu ya watu badala ya nyuso zao. Yeye na wenzake wenye magari ya namna hiyo kila Jumapili huenda kushindana, mara wakimbizane njia ya Makupa mpaka Kibarani, mara wazunguke uwanja wa Tononoka vumbi likitimka, na akirudi hulifuta kwa kitambaa cha hariri nilichomnunulia avae shingoni. Nikimwambia gari si mke hucheka, hunijibu, "Dada, mke yuwaja, lakini hili lilitangulia."

Mke akapatikana kweli, binti wa watu wenye jina lao, na harusi ikawekwa ile Jumapili baada ya sala ya alasiri. Jamaldin akasema hatakwenda kuoa kwa miguu na watu nyuma yake kama walivyokwenda baba zake, atakwenda ndani ya gari lake, kanzu na joho, mimi nimkalie pembeni kama mama, na gari lipambwe asmini kutoka mbele mpaka nyuma. Petroli, wajua mwenyewe hali ya vibali siku hizi, alikuwa akiidunduliza tangu Ramadhani, na siku tatu kabla ya harusi akalijaza tangi mpaka mdomoni.

Alhamisi hiyohiyo jioni akaenda Tononoka kulionyesha kwa wenzake, jiwe likaruka likapiga tangi kwa chini, likaanza kutoka jasho la petroli. Fundi wake ni Crispus, mtu wa bara, Mkristo wa wale wanaosali Jumamosi, hanywi pombe, havuti, hata kahawa yangu huikataa kwa adabu akaomba maji. Alikuja Ijumaa kulitazama uani kwetu, nami nilikuwa dirishani juu napepeta mchele, nikawasikia wote wawili.

"Bwana Jamaldin, tangi hili lazima lishuke," Crispus alisema. "Nilimwage lote, nilioshe kwa maji moto mpaka mvuke wa petroli uishe, ndipo nilichomee. Siku tatu."

"Siku tatu nitakuwa nishaoa. Tia sabuni."

"Sabuni ni ya kukufikisha nyumbani ukiharibikiwa njiani. Si ya kuendea harusi. Jua likipiga italainika."

"Tia sabuni, Crispus. Gari ni langu na harusi ni yangu."

Basi akaomba kipande cha sabuni ya mche, nikamrushia mimi mwenyewe kutoka dirishani, akaifinyanga kwa maji akaibandika penye ufa, na kabla ya kuondoka akamwambia ndugu yangu gari likae nje penye upepo, paa wazi, na asiende mtu na moto karibu yake. Jamaldin akasema sawa, akaingia ndani kujaribu joho, na kwangu mimi hilo neno la moto hakulileta, wala mimi sikulichukua nililolisikia nikalitia maanani, nilidhani ni maneno ya mafundi, kila fundi hupenda kuonekana kazi yake ngumu.

Jumapili asubuhi nikashuka na masinia ya asmini. Gari liko uani chini ya banda la makuti, maana Jamaldin hakutaka jua lichome rangi, na paa liko wazi, na Crispus anaosha magurudumu. Nikainamia kiti nifunge shada. Bi Sheikha, harufu iliyonipiga ilinirudisha nyuma hatua mbili. Petroli tupu. Nikawaza ndugu yangu aingie msikitini ananuka kama jiko la mafuta, kisha aende kwa wakwe, wale mashangazi wa bibi harusi wamkaribie, waseme yule dada yake si ndiye yule mfukizaji, mbona wa kwake kamshinda. Uso uliniwaka kwa haya kabla jambo lenyewe halijatokea.

Crispus akaniona navuta paa. "Bibi, hilo lisifungwe," akasema. "Liache lipumue."

"Lanuka, Crispus."

"Najua linanuka. Ndiyo sababu nasema lisifungwe."

Na hapa ndipo nataka kukuambia kweli yangu yote, kwa sababu hili ndilo linalonila. Nilimwelewa kwamba ananikataza. Sikuelewa kwa nini, lakini kwamba ananikataza nilielewa. Nikajiambia moyoni, fundi wa magari atanifundisha mimi harufu? Nikajifanya napanga maua, nikangoja mpaka alipokwenda dukani kutafuta sabuni nyingine maana ile ya juzi ilikwisha kuanza kuteleza, kisha nikapanda juu haraka nikashuka na chetezo changu kikubwa, kile cha udongo alichoniachia mama, makaa yamekolea, nikatia udi nilioupika siku hiyohiyo kwa sukari na marashi ya mawaridi. Nikakiweka chini pale miguu inapokaa. Nikavuta turubai, nikafunga vifungo vyote, na penye mianya nikatandika shuka, kama tunavyofunika nguo juu ya tenga moshi usitoroke. Nikasimama pembeni nimefurahi.

Nikangoja kama muda wa kunywa kahawa kikombe kimoja. Moshi hautoki hata penye kifungo, nikajua makaa yanataka kuzimika kwa kukosa hewa. Nikafungua upande mmoja, nikaingiza mkono na kipepeo, nikapepea mara mbili.

Sikusikia mlio kwanza. Niliona rangi ya buluu inatambaa juu ya kiti, nzuri kabisa, taratibu, na mimi nimeinama naitazama nisijue ni nini, kisha turubai likavimba, likapasuka, na sauti ikaja ambayo hata leo mtu akikung'uta mkeka nainuka. Buibui langu lilishika moto kuanzia ukosi. Sikukimbia, Bi Sheikha, nilisimama palepale, watu husema utakimbia lakini miguu haikuja.

Crispus alikuwa ndio anaingia mlango wa uani na sabuni mkononi. Alinirukia, akalichana buibui kwa mikono yake miwili mitupu, akaniangusha chini akanizungusha kwenye mchanga wa jirani anayejenga, na kwa kuwa nilibaki na leso tu mbele ya wanaume akavua shati lake akanifunika kisha akageuza uso. Mikono yake wakati huo ngozi ilikuwa inaning'inia. Niliiona kwa macho yangu.

Majirani wakaja na ndoo za maji ya birika la msikiti, wakamwaga, na hapo ndipo tulipoona jambo ambalo sijapata kuliona, moto ukapanda juu ya maji ukatembea nayo, ukafuata mfereji mpaka mlango wa jikoni kwa jirani ambako wanawake walikuwa wakipika pilau ya harusi. Crispus akapiga kelele, "Mchanga, si maji, mchanga." Walimsikiliza, ndiyo maana leo mitaa yetu ipo. Makuti yaliungua yote. Gari liliungua mpaka likabaki vyuma, viti vimekuwa waya, tairi zimeyeyuka, na asmini hazikuonekana hata majivu yake.

Na wakati kila mtu anatazama gari, unajua mimi nilitazama nini? Nilitafuta chetezo. Nilikiona kimepasuka vipande viwili chini ya ubavu wa gari, nikavivuta kwa kijiti, nikavifunga kwenye leso vikiwa bado vya moto, nikapanda navyo juu. Viko chini ya kitanda changu hivi naandika.

Ndugu yangu alioa jioni ile kwa miguu, ananuka moshi. Kesho yake inspekta alikuja na askari, nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia Jamaldin akimwambia, "Fundi alikuwa akivuta sigara." Jamaldin, Bi Sheikha, ambaye humtania Crispus kila siku kwamba mtu asiyevuta wala kunywa dunia amekuja kufanya nini. Kuhusu ufa wa tangi hakusema, kuhusu sabuni hakusema. Inspekta alipotoka, ndugu yangu alikuja penye pazia akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, ukiulizwa, wewe hukuona kitu." Sijui anajua au hajui. Sikumuuliza.

Crispus alipakwa dawa hospitalini kisha akatiwa rumande, na kesi yake itasikizwa Jumatatu ijayo. Wanasema kwa uzembe wa moto katikati ya mji ataozea jela, na akitoka hatapata kazi ya ufundi Mombasa.

Juzi mkewe Awiti alikuja mlangoni kwangu. Hakulia wala hakugomba. Aliniambia humlisha mumewe kwa mkono wake kila mchana kwa kuwa yeye hawezi kushika tonge, askari wakamruhusu. Kisha akaniuliza, "Bibi, wewe ulikuwepo. Ulimwona akivuta?" Nikamjibu, "Sikuona vizuri." Alinitazama kidogo, akasema, "Ameniambia nikuulize kama shingo yako imepona," akaenda zake.

Sasa Bi Sheikha, nifanye nini? Nikisema, ndugu yangu ataonekana mwongo mbele ya serikali na mbele ya wakwe wa wiki mbili, kazi yake ya bandarini huenda ikaondoka, na mimi ni nani atanipa tena nywele za binti yake nizifukize? Nikinyamaza, yule mtu atafungwa. Na je, kwa kuwa sikukusudia kuchoma kitu, nina dhambi? Nilitaka tu anukie vizuri. Nijibu upesi, na jina langu usilitaje.

Ni mimi,
Mfukizaji

*

JIBU LA BI SHEIKHA

Mfukizaji, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, na nilipofika penye kipepeo nikakaa chini sakafuni, sikutafuta kiti. Miaka niliyofanya kazi hii nimeletewa mengi, waume wawili, wake watatu, watoto wa siri, nikadhani sishtuki tena. Kumbe bado.

Nianze na wepesi. Majina ya watu wote katika barua yako nimeyabadilisha, lakini usijidanganye. Magari mekundu ya mashindano yaliyoungua Mji wa Kale siku ya harusi ni mangapi? Mtu akisoma barua yako barazani leo baada ya sala, kabla hajamaliza ukurasa wenzake watakuwa wamekwisha kugeuza vichwa kutazama dirisha lako. Nilifikiri kuificha, nikuandikie peke yako. Hukunipa anwani. Basi njia ya kukufikia kabla ya Jumatatu ni hii moja, na nimeitumia.

Pole kwa shingo yako. Pole kwa mshtuko, na huo si mdogo, kikombe kitagonga kisahani siku nyingi bado. Na kwa kufukiza kwenyewe sitakugombeza sana. Mimi nimefukiziwa nguo tangu utotoni, na sikuwahi kuwaza kwamba kitu kizuri kama udi kinaweza kuingia mahali kikaua. Lau ningekuwa mimi, na hakuna aliyenionya, huenda leo ningekuwa mimi ninayekuandikia wewe.

Lakini wewe ulionywa. Mwanamke ambaye riziki yako ni pua, pua ilikuambia hapa pana petroli, fundi akakuambia hapa pana petroli, nawe ukaona dawa yake ni kuifunika inukie vingine. Ile harufu ilikuwa inakuita kwa jina. Ukaona haya ya mashangazi kuliko ulivyoogopa moto. Hilo ndilo kosa lako la asubuhi, na kwa hilo ningekuambia utubu, ununue buibui jingine, tuishi.

Kosa la adhuhuri ni kubwa zaidi. Unaniuliza kama una dhambi kwa kuwa hukukusudia. Kuchoma gari hukukusudia, nakubali. Chetezo ulikivuta kwa kijiti, ukakifunga leso kikiwa cha moto, ukapanda nacho ngazi, ukakitia mvunguni. Hayo yote ni makusudi. "Sikuona vizuri" ni makusudi. Na umekaa siku tisa kabla ya kushika kalamu, na kila siku moja kati ya hizo yule mtu amelishwa kama mtoto kwa sababu mikono yake aliiacha kwenye nguo zako. Anakaa rumande anauliza habari ya shingo yako. Mimi niliposoma hapo nililia, na sikulilia wewe.

Kuhusu ndugu yako. Usije ukajificha nyuma ya makosa yake, lakini usiyabebe pia. Yeye ndiye aliyejaza tangi lenye ufa. Yeye ndiye aliyesema tia sabuni. Yeye ndiye aliyeliweka chini ya makuti makavu ili rangi isififie, na yeye ndiye aliyeambiwa neno la moto akaliacha mlangoni. Halafu akatia sigara mdomoni mwa mtu asiyevuta. Umemlea vizuri kwa mambo mengi, Mfukizaji, lakini inaonekana hujawahi kumwambia hapana, na sasa amekuwa mkubwa, hapana ya kwanza itakuwa nzito kwenu nyote wawili. Kazi ya bandarini ikiondoka itakuwa kwa ulimi wake, si kwa wako. Na kama wakwe ni watu wenye jina kweli, watamheshimu zaidi aliyesimama akasahihisha kuliko aliyekaa akanyamaza. Kama si watu hivyo, ni heri mjue mapema.

Unauliza nani atakupa nywele za binti yake. Sijui. Huenda mwaka mzima wasikuite. Huenda wakuite kwa udadisi, wataka kuona shingo. Lakini nikuulize na mimi, hivi sasa ukiwasha makaa waweza kuyatazama? Nadhani huwezi. Kazi hiyo imekwisha kukutoka tayari, na itarudi tu ukishasema.

Na nyinyi vijana wa magari mafupi, msidhani nimewasahau, maana najua mnasoma ukurasa huu mkijifanya mnatafuta matokeo ya mpira. Tangi likivuja, gari halitoki na halifungwi paa mpaka fundi aseme, hata kama unakwenda kuoa, hata kama unakwenda kuzikwa. Sabuni ni ya kukuleta nyumbani. Mchomeaji asiguse tangi ambalo halijaoshwa kwa maji moto likaisha mvuke. Kila penye gari pawe na ndoo ya mchanga, na muwafundishe wake na dada zenu kwamba petroli ikiwaka haimwagiwi maji. Na kinachonuka petroli kisikaribiwe na taa, wala kiko, wala sigiri, wala chetezo, hata cha udi wa aina gani. Mkinusa, fungueni, sukumeni gari mahali pa wazi, simameni mbali, mwiteni fundi, na fundi akisema jambo dogo mliulize sababu yake. Crispus naye nitamwambia ana kwa ana, siku akitoka, kwamba "lisifungwe" ni neno fupi mno. Angesema "litalipuka." Adabu yake ilimponza.

Sasa wewe. Sikiliza utaratibu wako, usiongeze lako.

Leo, ukimaliza kusoma, vaa buibui utoke kwenda kwa Awiti kabla hajasomewa gazeti hili na mwingine. Usimtume mtu. Simama mlangoni kwake kama alivyosimama kwako, umwambie kwa maneno haya mawili: nilifukiza gari. Akikufukuza, ondoka. Akikukaribisha, kaa. Usimwombe akusamehe leo, hana nafasi, ana chakula cha mumewe cha kupika. Msaidie kukipika kama atakuacha.

Ndugu yako mwambie kesho, si leo. Ukimwambia leo atakulilia miguuni na utalainika, nakujua kwa jinsi ulivyoandika jina lake. Mwambie kesho jioni, mbele ya mkewe, kwamba Jumatatu utasema chetezo, na ana usiku mmoja na Jumapili nzima ya kuamua kama yeye atasema sabuni. Usibishane naye. Sema, kisha uende chumbani kwako.

Jumatatu chukua ile leso chini ya kitanda, na vipande vyake viwili usivioshe, masizi yabaki. Kortini usianze habari ya mama yako aliyekiacha wala marashi ya mawaridi. Anza na ufa wa tangi, sabuni uliyoirusha dirishani, paa alilokukataza, makaa uliyoyaweka, kipepeo, mara mbili. Kisha sema mikono yake ilivyoungua na kwa nini. Kisha fungua leso waone. Ukitetemeka, tetemeka, hakuna sheria inayokataza shahidi kutetemeka.

Najua utaogopa, na mimi si mtu wa kukuambia usiogope halafu nikalale. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa nje ya mlango wa korti, buibui jeusi kama wanawake wote, mwavuli wa kijani usio na kipini. Hatujaonana, lakini wewe utanijua kwa mwavuli, na mimi nitakujua kwa leso. Tutaingia pamoja, nitakaa kiti cha karibu, na tukitoka nitakupeleka kwangu unywe kahawa, kikombe kigonge kisigonge.

Nitangoja mpaka saa tatu. Siri ya mtu huwa naiweka, na wasomaji wangu wanajua, lakini siri inayomtia mwingine jela mimi sina pa kuiweka. Saa tatu ikigonga hujaja, nitaingia peke yangu, na barua yako ya Jumanne, kwa mwandiko wako mwenyewe, itakuwa mkononi mwangu.